Klabu ya Singida na kilabu cha Singida

Kati ya mwaka 2017 na 2024 jina la Singida lilipanda kwenye msimamo wa Ligi Kuu Tanzania Bara mara nne, kila mara likiwa na mkia mpya: Singida United, Singida Big Stars, Singida Fountain Gate, Singida Black Stars. Mgeni anayeisoma orodha hiyo atadhani mkoa huu wa kati, unaosifika kwa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji, umegeuka kitalu cha soka. Mambo yalikuwa mengine. Ya kwanza ilishuka daraja ikafifia. Ya pili ilikuwa timu ya benki iliyobatizwa upya. Ya tatu ni hiyo hiyo ya pili baada ya kufunga ndoa na kituo cha Dodoma. Ya nne ilizaliwa Ubaruku, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, ikahama na nafasi yake ya ligi hadi Singida na kupewa jina la wenyeji. Zote, kwa wakati wake, ziliitwa klabu ya Singida.

Mkoani humo humo neno hilo hilo lina kazi nyingine, ya zamani zaidi na isiyoandikwa magazetini mpaka patokee ugomvi au amri ya mkuu wa wilaya. Kilabu ni mahali pa mabenchi ya mbao, ndoo na mapipa ya plastiki, ambapo pombe ya mtama inayoitwa mtukuru huuzwa na mama aliyeipika mwenyewe. Hapo hakuna nembo wala jezi. Tofauti ya majina hayo mawili ni irabu moja tu, lakini ndani ya irabu hiyo kuna historia ndefu ya nani anakaa na nani, nani anachangia, na nani ana haki ya kusema "sisi".

Neno lenyewe lilianza kama fimbo. Waingereza walilipokea kutoka kwa watu wa Skandinavia, ambao kwao klubba lilikuwa gongo la mti, nene upande mmoja, la kumpigia mtu au mnyama. Maana hiyo haijafa. Fimbo za gofu zinaitwa hivyo hadi leo, na mtoto aliyezaliwa na nyayo za kupinda kwa Kiingereza huelezwa kwa neno hilo kwa sababu mguu umefanana na kichwa cha rungu. Kisha, katika karne ya 17, Waingereza wakaanza kulitumia kwa watu waliokusanyika wakawa donge moja na kugawana gharama ya chakula na kinywaji kwenye nyumba za pombe na za kahawa za London. Maana ya kukutana na ile ya kuchanga fedha ziliingia pamoja. Mpaka leo Mwingereza anayesema watu wame-club together anamaanisha wamechangishana.

Wacheza karata wa pwani hawakumsubiri Mwingereza. Kopa, uru, shupaza na pau ni majina waliyoyaokota kwa Wareno, na pau kwa Kireno ni fimbo. Mwingereza naye huliita ua hilo hilo kwa jina la rungu, ingawa picha iliyochorwa ni jani la vidole vitatu, kwa kuwa picha aliichukua Ufaransa na jina akalitoa kwenye karata za Hispania na Italia, zenye magongo ya kweli. Anayecheza karata chini ya mwembe Singida na kutupa pau mezani ametupa rungu bila kujua.

Na rungu hilo Kiswahili kimelipenda kwa njia yake. Wahariri wa kurasa za michezo hawachoki kuandika kwamba rungu la TFF, shirikisho la soka nchini, limemshukia fulani, na mtu aliyepewa madaraka huambiwa amepewa rungu. Kenya ilikuwa na rais, Daniel arap Moi, ambaye rungu lake halikumtoka mkononi. Gongo nalo lina kisa chake: ni fimbo nene, na pia ni pombe kali inayopikwa kwa kujificha. Ulevi na fimbo vilikwishakutana ndani ya Kiswahili bila msaada wa mtu.

Klabu ya Kiingereza ilipofika Afrika Mashariki ilikuja na mlango uliofungwa. Zanzibar ilikuwa na English Club, ambayo jengo lake baadaye lilikuja kuitwa Africa House. Nairobi ilikuwa na Muthaiga, iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1913, na Dar es Salaam ikapata Gymkhana yake. Uanachama ulikuwa wa rangi ya ngozi kwanza, ada baadaye. Mwafrika aliingia humo akiwa amevaa kanzu nyeupe na kubeba sinia. Lakini mtu anayebeba sinia ana macho na masikio. Alijifunza kwamba wakubwa, kazi ikiisha jioni, wana mahali pao pa kukaa, wana kitabu cha majina, na wanapigiana kura kuamua nani aingie.

Pwani ilikuwa na mazoea yake ya kukaa kwa vikundi tangu kabla. Ikhwani Safaa, kundi la taarabu lililoundwa Unguja mwaka 1905, lilijiita nadi, neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya watu waliojiandikisha kukutana. Vyama vya ngoma ya beni vilikuwa na marais, makatibu na sare. Baadaye makundi ya taarabu yalijiita klabu waziwazi: Culture Musical Club ya Unguja, na Black Star Musical Club ya Tanga, ambayo jina lake lingeshangaza wengi wanaodhani nyota nyeusi zilitua nchini kwa mara ya kwanza pale Singida. Na soka likafuata njia hiyo. Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikaanzishwa timu iliyokuja kuitwa Sunderland na hatimaye, mwaka 1971, Simba. Zote mbili zilikuwa watu kwanza. Walilipa ada, waligombana mikutanoni, walikunywa kahawa na kucheza bao kwenye jengo la klabu, kisha Jumapili wakatoa wachezaji kumi na mmoja.

Kwa upande wa pombe, serikali ya kikoloni ilitaka kinywaji cha kienyeji kiuzwe mijini mahali pamoja penye leseni, ushuru ukusanywe na askari aone. Wanywaji hawakupaita soko wala baa. Walipapa jina la wakubwa, na utani uliomo unaonekana hadi leo: bwana ana klabu yake yenye viti vya ngozi, na kibarua naye ana kilabu chake chenye gogo la kukalia. Kiswahili kikalikata neno kwa kisu chake. Sauti ya mwanzo ikaonekana kama kiambishi, na kama kitabu kilivyozaa vitabu, na bango la barabarani la kuwataka madereva wapite kushoto lilivyokuwa kipilefti na vipilefti, kilabu kikazaa vilabu. Neno likawa la ngeli ya kitu na kiti, likakaa na vyombo vya nyumbani.

Lile jingine, klabu, likabaki na kola shingoni. Ndilo linalotumika kwa Singida Press Club, chama cha waandishi wa habari wa mkoa. Ndilo linalotumika kwa klabu za wapinga rushwa ambazo TAKUKURU huzilea mashuleni, kwa klabu za mazingira za wanafunzi, kwa klabu za jogging zinazoamsha miji Jumamosi alfajiri, na kwa Rotary. Kijana anayesema anakwenda klabu, bila kuongeza neno, anamaanisha muziki, taa za rangi na kiingilio. Mpaka huu haujafungwa kabisa, kwa maana watangazaji wengi husema vilabu vya Ulaya na hati za serikali hutaja vilabu vya michezo bila harufu yoyote ya pombe. Lakini taja kilabu peke yake, bila kuongeza lingine, kwa mtu wa Ikungi au Mkalama, wilaya za Singida, uone anafikiri nini.

Nchi hii ina kipaji cha kuyahamisha maneno ya biashara ya vileo. Grosari, ambayo kwa Mwingereza ni duka la sukari na mchele, kwa Mtanzania ni mahali penye meza za plastiki na bia baridi. Baa iko juu yake kidogo, na kilabu kiko chini kabisa. Ngazi hiyo ya majina ni ngazi ya fedha mfukoni, na kila mtu anajua amekaa daraja gani bila kuambiwa.

Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, na mvua yenyewe si ya kutegemea sana. Mtama na uwele vilistahimili hali hiyo muda mrefu kabla alizeti haijawa zao la fedha, na pombe ya nafaka ikawa njia ya kuyageuza mavuno kuwa kitu kingine. Mtafiti Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu karibu na mwaka 1960 na kutoa kitabu kuhusu uchumi wao mwaka 1970, aliona jambo ambalo wachumi wa ofisini huwa hawalioni: kwa Wanyaturu nafaka, mifugo, pombe na nguvukazi vilikuwa katika mzunguko mmoja. Mwenye nafaka ya ziada alipika pombe, akaita majirani, shamba likalimwa kwa siku moja. Kinywaji kilikuwa malipo na pia karamu. Aliyekunywa leo alijua kesho atakuwa mwenyeji.

Kilabu cha leo kimeingiza fedha katika mzunguko huo, lakini hakijaufuta. Upishi bado ni wa siku kadhaa. Mtama huloweshwa mpaka uchipue, huanikwa, husagwa kuwa kimea, uji hupikwa na kupozwa, kimea huchanganywa, kisha chachu huachwa ifanye kazi yake. Kabla haijachacha ni togwa, hata mtoto hunywa. Ikishakomaa huchujwa, na machicha huenda kwa nguruwe au kuku. Wapishi ni wanawake, na kwa wengi wao debe la pombe ndilo ada ya shule, daftari na chumvi. Mteja asiyekuwa na fedha hunywa mali kauli, na anayeikimbia kauli yake hukosa pa kukaa.

Watu wa kilabu hawana kadi. Hata hivyo wanajuana. Hapo ndipo habari ya mbuzi aliyepotea hutangazwa, bei ya alizeti hulinganishwa na ile aliyoitaja dalali asubuhi, mchango wa msiba huanza kukusanywa kabla maiti haijafika kutoka Dodoma, na mechi ya Simba na Yanga husikilizwa redioni kwa kelele zinazozidi za uwanjani. Katika lugha ya London ya karne ya 17, hao ni klabu kwa maana kamili: wamekusanyika, wanagawana gharama, na asiyechangia hujulikana.

Si haki kukipamba kilabu kupita kiasi. Kuna nyumba zinazolala njaa kwa sababu debe la mwisho la mtama lilipikwa pombe, na katika miaka ya ukame viongozi wa mikoa ya kati hupiga marufuku nafaka kutumika hivyo, marufuku ambayo ina sababu. Kuna wanaofungua kinywa kwa pombe saa tatu asubuhi. Kuna wanawake wanaopika pombe na baadaye kupigwa na walioinywa. Lakini inashangaza kuona jinsi kilabu kinavyotajwa kama tatizo la utaratibu, wakati ndicho chenye utaratibu unaoeleweka na kila anayekitumia, na klabu yenye hati, katiba na msemaji ndiyo inayoweza kuamka asubuhi katika mkoa mwingine.

Hapo ndipo hadithi ya soka la Singida inapostahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko ilivyotazamwa.

Singida United ilikuwa na mizizi. Ilianzishwa mwaka 1972, miaka tisa baada ya mkoa wenyewe kuundwa, na ilikuwa imezunguka kwenye madaraja ya chini kwa muda mrefu kabla ya kurudi Ligi Kuu mwaka 2017. Ilirudi kwa kishindo. Ilimchukua kocha Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyekuwa ametoka Yanga, ikaleta wachezaji wa kigeni, na mlezi wake alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi. Juni 2018 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha na kufungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Miaka miwili baadaye ilishuka daraja. Walima Alizeti, kama mashabiki walivyoiita, walibaki na uwanja bila timu.

Uwanja wenyewe zamani uliitwa Namfua, sasa unaitwa Liti, jina la mwanamke shujaa ambaye masimulizi ya Wanyaturu yanasema aliwakabili Wajerumani kwa kuwarushia nyuki. Mwaka 2022 uwanja huo ukapata mpangaji mpya. Timu ya DTB, ya benki, ilikuwa imepanda Ligi Kuu, na baada ya kupanda ikaitwa Singida Big Stars. Ilifanya vizuri kuliko wengi walivyotarajia: fainali ya Kombe la Mapinduzi Januari 2023, ambayo Mlandege walishinda, na nafasi ya nne kwenye ligi mwishoni mwa msimu. Mwaka huo huo wa 2023 ikaungana na Fountain Gate, kile kituo cha Dodoma, na kuwa Singida Fountain Gate. Kabla msimu wa 2023/24 haujaisha ilikuwa imehamishia mechi zake za nyumbani Mwanza, na Ihefu ya Mbarali ikaingia Liti. Msimu ulipokwisha Fountain Gate ikaondoa neno Singida na kuhamia Babati, mkoani Manyara. Ihefu ikaliokota neno hilo na kuwa Singida Black Stars.

Shabiki aliyekuwa na jezi ya kila timu angehitaji kabati.

Hebu mtu afikirie upande wa Ubaruku. Ihefu ni jina la ardhi oevu ya bonde la Usangu, na kwa watu wa huko timu hiyo ilikuwa imewapa jambo ambalo miji mikubwa haikulipata. Novemba 29, 2022, ndiyo iliyowafunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kukata mwendo wao wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ililitamka jina la Mbarali usiku ule. Chini ya miaka miwili baadaye jina likafutwa kwenye msimamo wa ligi, timu ikawa ya watu wanaokaa mamia ya kilomita kaskazini. Waliokuwa wamekaa kwenye majukwaa ya Highland Estates, uwanja wa Ubaruku, hawakuulizwa kitu ambacho kingeitwa kura.

Hapa neno klabu limetenda kazi isiyo yake. Kilichohama ni nafasi ya kushiriki ligi, mikataba ya wachezaji na namba ya usajili. Hicho ni chombo cha biashara, na biashara si dhambi. Lakini kukiita klabu ya Singida ni kukipa heshima ya watu waliokusanyika, wakati watu wenyewe wameitwa baada ya kila kitu kuamuliwa, na wameitwa kuja kushangilia. Kiswahili kina neno sahihi kwao, mashabiki. Mwanachama ni kitu kingine. Mwanachama ana swali la kuuliza kwenye mkutano, na kuna mtu anayelazimika kulijibu.

Zamani uhamaji ulikwenda kinyume. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipopasuka, kundi kubwa la watu lilitoka na kuunda Pan African. Jina lilibaki Jangwani, makao ya Yanga; watu ndio walioondoka. Mgogoro ule ulikuwa mchungu, lakini ulionyesha kwamba klabu ni mali ya waliojiandikisha, na wakiondoka wanaondoka na kitu. Siku hizi jina linaondoka na watu wanabaki wakitazama nyasi.

Hata Simba na Yanga, wakubwa wa Kariakoo, walipoamua kuingiza wawekezaji, walilazimika kupita kwa wanachama. Simba ilifanya hivyo mwaka 2017, wanachama wakakubali mfumo wa hisa, na kanuni za michezo nchini zikaweka asilimia 51 upande wa wanachama. Mwekezaji aliyejitokeza kwa Shilingi bilioni 20 alikuwa Mohammed Dewji, mzaliwa wa Ipembe, Singida, na mbunge wa Singida Mjini kwa miaka kumi hadi 2015. Mtoto wa Singida alikwenda Msimbazi, makao ya Simba, akakuta wanachama wa kumwambia ndiyo au hapana. Kanuni hiyo ina nguvu pale tu wanachama walipotangulia. Timu iliyoanza kama mali ya benki, ya shule au ya mtu mmoja haina wa kupewa hiyo asilimia 51.

Uingereza, nyumbani kwa neno, ilikutana na jambo hili na haikulikubali kimya kimya. Wimbledon, timu ya kusini mwa London, iliruhusiwa mwaka 2002 kuhamia Milton Keynes, umbali wa karibu kilomita 90. Mashabiki hawakusubiri basi liondoke. Mwaka huo huo walianzisha AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye bustani ya umma, wakaanza kwenye ligi ya chini, na kufikia mwaka 2011 walikuwa wamepanda hadi kwenye Football League. Timu iliyohama ilibadili jina mwaka 2004 na kuwa MK Dons. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi kwa kuweka kanuni kwamba wanachama wawe na zaidi ya nusu ya kura katika timu yao, hata mwekezaji awe tajiri namna gani.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Singida United ilikuwa na historia na mapenzi ya watu, ikafa kwa ukata. Singida Black Stars, ile iliyookotwa, ilimaliza ya nne msimu wa 2024/25, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga Juni 2025, na Septemba ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Omdurman mabao 2 kwa 1. Baada ya hapo ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Muuza maji uwanjani, dereva wa bodaboda na mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi hawajali sana cheti cha kuzaliwa cha timu, na mtu aliyeshiba hawezi kuwacheka. Kusubiri wakulima wa Iramba wachangishane mpaka wamlipe mshambuliaji kutoka Ivory Coast ni kusubiri mvua ya Agosti.

Hata hivyo kati ya kuchangisha mshahara wa mshambuliaji na kutokuwa na sauti kabisa kuna nafasi kubwa. Timu yoyote inayotaka kubeba jina la mkoa ingepaswa kufungua daftari la wanachama mkoani humo, kwa ada ambayo muuza vitunguu wa Mkalama anaweza kuilipa baada ya mavuno. Wanachama hao hawahitaji kumchagua kocha. Wanahitaji haki moja iliyoandikwa: jina na makao visiguswe bila mkutano wao. Baraza la Michezo la Taifa lina msajili, na TFF ina leseni za klabu inazozitoa kila msimu, kwa hiyo rungu lipo. Sharti la kuhama lingeweza kuwekwa mwaka wowote, na lingewalinda watu wa Mbarali sawasawa na watu wa Singida, kwa sababu anayepokea timu leo kwa vigelegele hana hati inayomhakikishia kwamba Babati nyingine haipo njiani.

Jambo hilo lingewasaidia wawekezaji pia, kama wangekubali kuliona. Jezi huuzwa kwa mtu anayeamini kwamba mwakani itakuwa bado na maana. Simba na Yanga zimekaa karibu miaka tisini bila kubadilisha mji, na sehemu ya utajiri wao ni kwamba babu, baba na mjukuu wamegombana juu ya jina lile lile katika nyumba moja. Singida imekuwa na majina manne ndani ya miaka saba, na hata jina la utani la Walima Alizeti limelazimika kurithishwa kutoka timu hadi timu, kama koti la kaka mkubwa.

Mama anayepika mtukuru hulipa ushuru wake halmashauri na hupanga zamu na wenzake ili pombe zisikomae siku moja na kuangushana bei. Akihama kijiji, kilabu kinabaki, na mwingine huchukua zamu yake. Ofisi za michezo za mkoa zingeweza kuanza kwa kuuliza swali dogo tu kwa timu inayobeba jina la mkoa: daftari la wanachama liko wapi, na jina la kwanza lililoandikwa humo ni la nani wa Singida?